Kwa mdogo wangu unayesomea usanifu: itazame tena Mahakama ya Vuga

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Umeniandikia kwamba jengo la Mahakama Kuu pale Vuga ndilo mfano bora wa ujenzi wa Kiarabu hapa Unguja. Nalipenda jengo lile kama unavyolipenda wewe, lakini hapo sikubaliani nawe.

Aliyelichora ni Mwingereza, John Houston Sinclair, na lilijengwa kati ya 1904 na 1908. Lilinganishe na nyumba za Mji Mkongwe walizojijengea Waarabu wenyewe. Kuta nene za mawe na chokaa, uso mkavu usio na madoido ila mlangoni, na raha yote imewekwa uani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Hata misikiti ya zamani ya mjini, mingi haina kuba. Sasa simama Kaunda Road uinue macho. Kuba lile, na matao yale, vimewekwa ili mpita njia avione. Ni Uarabu wa kudhania, uliookotwa huku na huku katika nchi za Kiislamu ukachanganywa na mambo ya Ulaya. Sinclair alirudia mtindo huohuo Beit el Amani, jengo la makumbusho pale Mnazi Mmoja, mwaka 1925. Nenda ukayatazame yote mawili siku moja.

Kwa nini Mwingereza aivishe mahakama joho la Kiarabu? Mimi naona ni siasa. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, lakini Sultani aliachwa kwenye kiti chake. Mahakama zikawa za namna mbili: za Sultani kwa raia wake, na ya Mwingereza kwa raia wa Uingereza, wakiwemo wafanyabiashara wengi wa Kihindi. Makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi waliendelea kuamua mambo ya ndoa na mirathi, ila juu yao walikuwapo majaji wa Kiingereza. Hukumu zilitolewa kwa jina la Sultani, na kalamu ilikuwa ya mwingine. Kuba lile linasema hivyohivyo.

Usiishie kwenye ukoloni, lakini. Kuanzia 1970 zilikuja mahakama za wananchi, ambazo mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu, na hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1980. Nalo ni la kuandikwa.

Ninalokuomba hasa ni upime na uchore kila kitu: upana wa matao, unene wa kuta, njia za maji juu ya paa. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani, iliporomoka sehemu Disemba 25, 2020, ingawa imo katika Mji Mkongwe, uliotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia tangu 2000. Anza na paa. Angalia pia palipozibwa kwa saruji juu ya chokaa, kwa sababu saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta. Ukimaliza, niletee michoro niione.