Msione Aibu Kushuka: Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu wa Tenisi

Wajukuu zangu mnaotoka tenisi ya vijana kwenda tenisi ya kulipwa,

Nawasalimu nyote, wa Nairobi na Mombasa, wa Dar es Salaam na Arusha, wa Kampala, Kigali na Bujumbura. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninalotaka kulisema halimhusu mmoja wenu peke yake, na ningependa wazazi wenu nao walisome.

Wengi wenu mnafikisha miaka 18. Mmezoea kuyaona majina yenu juu kwenye orodha ya dunia ya vijana. Punde mtaingia kwenye orodha ya wakubwa, na mtaanza bila pointi hata moja, maana pointi za vijana hazihamishwi. Wale waliomaliza juu kabisa hutengewa nafasi chache za kuingia mashindano, basi. Wengine mtajikuta katika nafasi ya elfu moja na ushee. Na watu watauliza: "Huyu si ndiye aliyekuwa akiandikwa magazetini? Amepotelea wapi?"

Nimeishi kando ya viwanja vya tenisi tangu utoto wa kuokota mipira, kisha nikafundisha mpaka magoti yakakataa. Kwa niliyoyaona, aibu imewatoa vijana wetu mchezoni kuliko goti au bega. Kijana anashuka, anaambiwa arudi kwenye mashindano madogo ajijenge upya, naye anaona heri raketi ikae kabatini kuliko aonekane akihangaika na watoto aliowazidi jana. Tumewalea kwa msemo wa "aliye juu mngoje chini", na kweli wapo wanaongoja. Nawaomba msiwaogope.

Anzeni kwa kuuelewa mfumo wenyewe. Pointi ya tenisi ni nyumba ya kupanga, na mkataba wake ni wiki 52. Wiki ile ya mashindano ikirudi mwaka unaofuata, pointi ulizovuna zinaondolewa, unabaki na ulichopata safari hii. Bingwa wa Wimbledon hupewa pointi 2,000. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata 10. Markéta Vondroušová wa Jamhuri ya Cheki alitwaa taji hilo Julai 2023, na Julai 2024 akatolewa katika mechi yake ya kwanza. Zikaondoka 2,000, zikaingia 10. Alikuwa mchezaji yuleyule, mwenye mkono uleule wa kushoto.

Lakini mimi nataka zaidi mtazame alivyolifikia taji lile. Mwaka 2022 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, na Wimbledon ya mwaka huo alikwenda kama mtazamaji, mkono ukiwa bado umefungwa. Huyu alikuwa amekwisha kucheza fainali ya French Open mwaka 2019 na kuchukua medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Angeweza kusubiri aitwe kwenye viwanja vikubwa. Oktoba 2022 alikwenda Shrewsbury, mji wa Uingereza ambao wengi wenu hamjausikia, akacheza mashindano ya ngazi ya chini na akayashinda. Miezi tisa baadaye akawa mwanamke wa kwanza kutwaa Wimbledon akiwa hayumo miongoni mwa wachezaji 32 waliopewa kipaumbele kwenye ratiba. Nikimwona kijana wetu ananuna kwa sababu amepelekwa kucheza mahali padogo, namkumbuka Vondroušová wa Shrewsbury.

Aliyefungwa katika fainali ile ya Wimbledon ni dada yenu wa Afrika, Ons Jabeur wa Tunisia, na hapo naomba mnipe muda, kwa sababu sidhani kama yupo mchezaji mwenye mengi zaidi ya kutufundisha. Alizaliwa Ksar Hellal mwaka 1994. Mwaka 2011 alishinda French Open ya wasichana, akiwa na umri wenu. Kila mtu alitarajia mataji ya wakubwa yafuate upesi. Taji lake la kwanza la WTA, yaani chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, alilipata Birmingham, Juni 2021. Hesabuni wenyewe: ni miaka kumi. Katikati yake kulikuwa na majeraha, na mashindano madogo ambayo hakuna kamera iliyokwenda. Aliingia 100 bora mwaka 2017 tu, na mwaka 2020 akafika robo fainali ya Australian Open, mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika pale katika yale mashindano makubwa manne ya dunia: Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open.

Kisha ukaja mwaka 2022. Alishinda Madrid, akapanda hadi nafasi ya pili duniani, akacheza fainali ya Wimbledon na fainali ya US Open mwaka mmoja. Zote mbili alifungwa: ile ya kwanza na Elena Rybakina, baada ya yeye kuongoza kwa seti moja, na ya pili na Iga Świątek. Mwaka 2023 akarudi kwenye fainali ya Wimbledon, safari hii watu wakiamini kwamba zamu yake imefika, akafungwa na Vondroušová 6-4, 6-4. Alilia mbele ya dunia nzima na akasema ndiyo mechi iliyomuuma kuliko zote katika maisha yake ya mchezo. Mimi nami nililia, na sioni haya kusema. Julai 2025 akatangaza kwamba anapumzika kwanza, kwa sababu furaha ya kucheza ilikuwa imemwisha.

Wapo waliomwita mshindwa. Nakataa kabisa. Binti aliyengoja miaka kumi akifanya kazi ambayo hakuna aliyeipigia makofi, kisha akawa wa pili duniani, ametufungulia mlango ambao haukuwahi kufunguliwa na mwanamke wa bara hili. Na hata kule kupumzika kwake nakuheshimu. Mtu akisema amechoka kabla hajauchukia mchezo, amejitendea haki. Ninyi pia mkifika hapo, semeni. Msisubiri mwili useme kwa niaba yenu.

Sasa tuje nyumbani. Julai 2022 Angella Okutoyi, mtoto wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na taibreki, ile gemu ya kuamua mshindi badala ya seti ya tatu, wakaichukua 11-9. Upande wa pili wa neti walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyu Mboko wazazi wake wanatoka Kongo. Tofauti kati ya furaha na majonzi siku ile ilikuwa pointi mbili.

Baada ya pale njia zao ziliachana. Mboko alisumbuliwa na goti, na mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya 300 bora. Alianza na mashindano madogo ya Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibiani, akaendelea na mengine, akashinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti moja. Agosti mwaka huohuo alialikwa kwenye mashindano makubwa ya Kanada kule Montreal, akamfunga Coco Gauff, akamfunga Rybakina, na katika fainali akamfunga Naomi Osaka, akiwa na miaka 18. Majuma machache baadaye akatolewa raundi ya kwanza ya US Open. Yote hayo ni ndani ya mwaka mmoja wa mtu mmoja.

Okutoyi naye alichagua chuo, akaenda Auburn kule Alabama, akawa anasoma na kucheza. Machi 2024 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Sote tuliamini tiketi ya Olimpiki ya Paris imepatikana, lakini kanuni ilitaka pia awe ndani ya 400 bora duniani, na Paris hakwenda. Najua iliuma. Nawasihi msiwapime mabinti hawa wawili kwa rula moja. Mmoja amekulia Kanada, penye viwanja vya ndani na makocha wa kutosha. Mwingine ametoka kwenye mfumo wetu, ambao mchezaji akishinda tunampokea uwanja wa ndege kwa ngoma, na mwezi unaofuata anatafuta nauli mwenyewe. Kusoma chuoni huku ukicheza ni njia ya kweli, na mzazi anayesema kwamba ni kukata tamaa haujui mchezo ulivyo leo. Wakubwa wenzangu watanikumbusha kwamba Paul Wekesa wetu alifika hadi nafasi ya 100 duniani miaka ya 90 na akatwaa mataji matatu ya wawili wawili ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Ni kweli, na mpaka leo najivunia. Inatosha kuonyesha kwamba mlima huo mtu wa kwetu ameupanda.

Mkitaka mfano wa mtu aliyeanguka kutoka juu kabisa, mtazameni Andre Agassi wa Marekani. Aprili 1995 alikuwa namba moja duniani. Novemba 1997 alikuwa namba 141. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba mwaka ule alitumia dawa za kulevya na akawadanganya viongozi wa mchezo alipokamatwa na vipimo. Alikuwa na fedha za kumtosha maisha. Akaamua kurudi kwenye mashindano ya Challenger, yaani ya ngazi ya chini, mji wenyewe ukiwa Las Vegas, nyumbani kwao, mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Fainali akafungwa. Akaenda Burbank, akashinda. Mwishoni mwa 1998 alikuwa wa sita duniani, na Juni 1999 kwenye French Open, juu ya udongo wa Paris, baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo kwa Andrei Medvedev, alishinda tatu zilizofuata na kutimiza mataji yote manne makubwa. Mwaka huo akaumaliza akiwa namba moja tena. Nikiulizwa ni siku gani katika maisha yake naiheshimu zaidi, nitataja siku aliyoingia uwanja ule wa Las Vegas.

Kwenu wazazi nina neno moja. Jennifer Capriati wa Marekani alianza tenisi ya kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona akiwa na 16, na akiwa na 18 alikuwa ameshakamatwa na polisi na kuuacha mchezo. Alirudi na kushinda Australian Open mwaka 2001, ila kati ya hapo alipotea miaka. Ni kwa sababu ya watoto kama yeye WTA iliweka mipaka ya idadi ya mashindano kwa walio chini ya miaka 18. Msitafute njia ya kuizunguka mipaka hiyo.

Wajukuu, nizungumze pia fedha, maana aibu na njaa hutembea pamoja. Bingwa wa mashindano ambayo zawadi zake zote kwa jumla ni dola 15,000 huondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000, kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata 200. Hiyo haitoshi tiketi ya ndege. Kwa hiyo nendeni wawili au watatu pamoja, mlale chumba kimoja, mcheze wawili wawili kila wiki, mjifunze kufunga nyuzi za raketi wenyewe. Chagueni mahali ambapo mashindano hufuatana wiki baada ya wiki, kama Monastir ya Tunisia, Sharm El Sheikh ya Misri au Antalya ya Uturuki, ili tiketi moja iwape nafasi nyingi. Mkiumia kwa miezi sita au zaidi, ombeni nafasi iliyolindwa, yaani mkirudi muingie mashindano kwa nafasi mliyokuwa nayo kabla ya kuumia. Kanuni hiyo ipo kwa ajili yenu, na wengi wetu tumeipoteza kwa kutojua tu.

Na mkiwa huko chini, mmechoka, fedha zimekwisha, atakuja mtu mwenye simu nzuri na maneno laini. Atataka upoteze gemu moja tu, au seti moja tu, na atakupa zaidi ya zawadi ya bingwa. Huyo ni mtu wa kamari. Mwambieni hapana, na siku hiyohiyo mripoti kwa ITIA, shirika la kimataifa linalolinda uadilifu wa tenisi, kwa sababu hata kunyamaza ni kosa katika kanuni zao. Wapo wachezaji waliofungiwa maisha kwa mechi ambazo hakuna mtu uwanjani aliyekuwa akizitazama. Anayeona aibu kumpigia baba au kocha simu aombe nauli ndiye anayenaswa upesi. Pigeni simu. Nigombezeni mimi mkitaka, lakini pigeni.

Wanaoondoka kwa mashindano ya msimu huu, nawaombea safari njema. Mkirudi, walioshinda na waliotolewa raundi ya kwanza, njooni uwanjani Jumamosi asubuhi kama kawaida. Sitawauliza mko nafasi ya ngapi. Nitawauliza sava ya pili inaendeleaje, na mnakwenda kucheza wapi wiki ijayo.

Babu yenu wa uwanjani,
Nairobi