Shabiki si mteja wa kawaida

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli inayorudiwa mara kwa mara na viongozi wa michezo, kwamba klabu inapaswa kufuata kanuni za masoko kama kampuni nyingine yoyote. Nakubaliana nao nusu tu.

Mwenye kiwanda cha sabuni anaweza kuahidi kwamba kila mche utatoa povu lile lile, lakini hakuna klabu inayoweza kuahidi ushindi, na ushindi ukijulikana mapema hakuna atakayenunua tiketi. Idara ya masoko inayonadi ushindi inauza isichokuwa nacho. Ilicho nacho ni foleni fupi langoni, vyoo safi, ratiba isiyopanguliwa usiku wa kuamkia mechi na kiingilio ambacho familia inakimudu, mambo ambayo hupuuzwa, nadhani, kwa sababu hayapendezi kwenye picha.

Katika udhamini, kanuni hizo zimefaa sana. Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 iliacha deni ambalo halikumalizika kulipwa hadi 2006, ilhali ile ya Los Angeles ya mwaka 1984, chini ya Peter Ueberroth aliyeongoza maandalizi yake, ilibakiza ziada ya zaidi ya dola milioni 200, kwani waandaaji walitumia zaidi viwanja vilivyokuwepo na kuwauzia haki wadhamini wachache, kila mmoja akiwa peke yake katika aina yake ya bidhaa. Wanaojaza nembo kumi kwenye jezi moja wangeliangalia hilo.

Tatizo ni pale shabiki anapohesabiwa kuwa mnunuzi tu. Mnunuzi akiudhiwa huhamia kwingine. Shabiki hahami, na baadhi ya wamiliki huuchukulia uaminifu huo kuwa ruhusa ya kufanya watakalo. Mwaka 2012 wamiliki wa Cardiff City, klabu ya soka ya Wales, waliiondolea timu jezi zake za buluu na kuivika nyekundu, kwa matumaini ya kuvutia soko la Asia. Mashabiki waliendelea kupinga hadi Januari 2015, rangi ya buluu iliporejeshwa. Soko jipya lilitafutwa kwa gharama ya lile lililokuwa tayari limelipia viti.

Napendekeza kwamba klabu inayotaka kubadili rangi, nembo au jina la uwanja iwapigishe kura kwanza wenye tiketi za msimu, na matokeo yatangazwe kabla mkataba wowote haujasainiwa.

Wako mtiifu,
Msomaji