Barua ya wazi kwa vijana wa meza ya habari za kimataifa

Wanangu,

Kila Januari nakutana na kichwa kile kile cha habari: dunia imebakiza sekunde kadhaa iangamie. Mwaka 2025 zilikuwa 89. Msomaji anashtuka, anamtumia shemeji yake, kesho yake anarudi kwenye bei ya unga.

Sekunde hizo ni za Saa ya Kiyama, saa ya mfano ambayo saa sita usiku ndiyo maangamizi, na saa hiyo si kipimo. Ilianza mwaka 1947 kwenye jalada la Bulletin of the Atomic Scientists, jarida la wanasayansi wa Chicago. Mchoraji wake, Martyl Langsdorf, aliweka mshale dakika saba kabla ya saa sita usiku kwa kuwa ulimpendeza machoni. Mwenyewe alisema hivyo. Siku hizi wataalamu hukaa kikao, wakabishana, wakaamua. Ni maoni ya kuheshimika, basi yaandikeni kama maoni.

Oktoba 1962, Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilipokaribia kupigana kwa ajili ya makombora ya nyuklia ya Kisovyeti yaliyowekwa Cuba, mshale haukusogea hata kidogo. Mambo yalianza na kwisha upesi mno.

Tena kuna usiku wa 26 Septemba 1983. Afisa wa Kisovyeti, Stanislav Petrov, yuko zamu. Mtambo unalia kwamba kombora limerushwa kutoka Marekani, kisha unaendelea kuhesabu hadi matano. Akajiuliza, nani anaanzisha vita kuu kwa makombora matano? Akawaambia wakubwa wake ni hitilafu. Kumbe satelaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliopiga mawinguni. Niambieni, takwimu ipi ya mwaka ule ingewaonyesha hilo?

Wanaohesabu kwelikweli wapo. Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kinaita mgogoro pale mapigano yanayohusisha serikali ya nchi yanapoua watu 25 kwa mwaka. Wakifika 1,000, ni vita. Mstari huo unaeleweka, ila unahesabu waliokwisha kufa. Na hesabu yenyewe hutegemea sana habari za vyombo kama vyenu! Mkiandika "watu kadhaa waliuawa", hakuna cha kujumlisha. Andikeni siku, kijiji, idadi, na nani kawaambia. Mkikuta idadi mbili zinazopingana, wekeni zote.

Kuhusu vita kubwa, mimi huangalia kama mahasimu bado wanakaguana na kupigiana simu. Mwaka 1962 ujumbe kati ya Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Kisovyeti ulichukua saa nyingi kufika, na mwaka uliofuata wakaunganisha mtambo wa moja kwa moja kati ya Washington na Moscow. Sasa tazameni New START, mkataba wa mwaka 2010 kati ya Marekani na Urusi wa kuwekea mipaka silaha za nyuklia: ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, haukurudi, na Februari 2023 Urusi ikasimamisha ushiriki wake. Habari hiyo wengi wenu mliipa aya mbili, ukurasa wa ndani. Mhariri akilalamika kwamba haiuzi, mwombeni nusu ukurasa hata mwezi Aprili, wakati hakuna anayezungumzia saa.