Fainali ya kumwonyesha Salumu

Minneapolis, Marekani

Kwako Baba Salumu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku wazima. Mama Zuhura anakusalimu, na anauliza ile mikeka uliyomwahidi imefikia wapi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, nikaona jibu lake ni refu, heri nikae niandike.

Kumbe Salumu kapenda besiboli! Nilikuwa najua pale shule ya Azania kuna uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, lakini sikujua kwamba mwanao ni mmoja wa wanaoutimua vumbi. Sasa unaniuliza: katika fainali zote zilizowahi kuchezwa huku Marekani, aanze na ipi? Swali hilo huku linavunja urafiki. Kila mtu ana yake, na usidhani ni lazima iwe ile ambayo timu yake ilibeba kombe.

Watu wa Boston watakutajia ya 1975, ambayo walishindwa na Cincinnati. Wanachokikumbuka ni mechi ya sita, raundi ya 12: Carlton Fisk kaupiga mpira, umekwenda juu ukingoni kabisa mwa mstari, naye anarukaruka akiupungia mikono uingie ndani, ukagonga nguzo na bao likahesabiwa. Mechi iliyofuata wakafungwa 4-3 na kombe likaondoka. Waulize leo, watakuonyesha namna Fisk alivyopunga mikono. Wazee wa Pittsburgh wana yao ya 1960. Katika mechi saba New York Yankees walifunga mabao 55, Pittsburgh 27, na bado bingwa akawa Pittsburgh, kwa sababu Bill Mazeroski aliimaliza mechi ya saba kwa pigo moja lililovuka ukuta. Chicago nao wana 2016, baada ya kungoja miaka 108, na hao siwaanzi maana hawamalizi.

Mimi nasema 1991. Ndiyo, waliochukua kombe ni Minnesota Twins wa hapa hapa ninapoishi, na najua utasema navutia kamba kwangu. Lakini hata ESPN walipozipanga fainali zote mwaka 2003, hiyo ndiyo waliyoiweka namba moja, na wao hawana undugu na mtu wa Minnesota.

Kwako wewe, maana Salumu atakuwa anajua: fainali yao hiyo, World Series, si mechi moja. Anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa, kwa hiyo zinaweza kufika saba. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, mimi naziita raundi, na zamu huisha watu wake watatu wakitolewa. Mrushaji wa timu pinzani hurusha mpira, mpigaji akiupiga hukimbia kupitia beisi tatu, yaani vituo, hadi pale alipoanzia, panaitwa nyumbani, na hapo ni bao; mpira ukivuka ukuta, bao moja kwa moja. Akiguswa na mpira akiwa hajakanyaga beisi, anatolewa, yaani yuko nje. Raundi tisa zikiisha wako sawa, wanaendelea hadi mmoja azidi. Hakuna saa ya kumaliza mechi, hakuna penalti.

Basi mwaka 1990 Twins walishika mkia katika kundi lao, na Atlanta Braves wakashika mkia katika lao. Ni kama timu mbili zilizoponea chupuchupu kushuka daraja zikutane mwaka unaofuata kugombea ubingwa, Simba na Yanga wanatazama kwenye televisheni. Ndivyo walivyoingia. Halafu wakacheza mechi zote saba, tano kati ya hizo zikaamuliwa kwa tofauti ya bao moja, na tatu zikapita raundi ya tisa. Hakuna aliyeshinda ugenini hata mara moja.

Uwanja wa Twins wakati huo uliitwa Metrodome. Ulikuwa na paa la kitambaa lililoshikiliwa juu kwa hewa, jeupe kiasi kwamba wageni walikuwa wanaupoteza mpira ukiwa angani. Kelele zilikuwa hazina pa kutokea. Mashabiki walipunga vitambaa vyeupe, watu zaidi ya elfu hamsini kwa pamoja. Wa Atlanta wao walikuwa na mtindo wa kukatakata hewa kwa mkono kama wameshika shoka, wakiimba wimbo wa kuigiza Wahindi Wekundu. Nje ya Metrodome wenyeji hao wa asili waliandamana kulipinga jambo hilo, na hapa ndipo penyewe, maana chama chao cha kudai haki, American Indian Movement, kilianzishwa mji huu huu mwaka 1968. Ukitazama kanda utasikia ule wimbo, lakini waandamanaji huwaoni sana. Mwambie Salumu walikuwepo.

Mechi ya pili ina kisa ambacho mwenzangu mmoja kazini, mtu wa Atlanta, hajakisamehe hadi leo. Ron Gant wa Braves alikuwa anarudi mbio kwenye beisi ya kwanza. Aliyesimama pale ni Kent Hrbek, pande la mtu. Gant kaifikia beisi, Hrbek kampokea kwa mkono wenye mpira, na kwa namna ambayo kila mtu anaieleza kivyake mguu wa Gant ukainuka kutoka kwenye beisi. Mwamuzi akamtoa. Twins wakashinda 3-2. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na nikiwa mbali na jirani zangu nakubali kwamba Hrbek alimnyanyua.

Tukaenda Atlanta, Braves wakashinda zote tatu, ya mwisho kwa 14-5, ndiyo pekee katika saba hizo unayoweza kuiruka. Kwa hiyo Twins wanarudi nyumbani wakiwa nyuma 3-2, wakipoteza moja tu basi.

Mechi ya sita ni ya Kirby Puckett. Mfupi, mnene, ukimwona hujui kama ni mwanamichezo. Alilelewa Chicago katika yale maghorofa ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Siku hiyo aliwaambia wenzake wapande mgongoni mwake, atawabeba. Raundi ya tatu Gant aliupiga mpira mrefu hadi ukutani, Puckett akaruka, akaudaka akiwa anagonga kioo cha plastiki cha ukuta huo. Mechi ikaenda hadi raundi ya 11 wakiwa 3-3. Kocha wa Braves, Bobby Cox, akamwingiza mrushaji Charlie Leibrandt, na mtu wa kwanza kukutana naye akawa Puckett. Mpira uliangukia kwa watazamaji, na hapo hapo Twins wameshinda. Habari za Puckett za baadaye hazikuwa za furaha zote. Ugonjwa wa macho ulimstaafisha mwaka 1996, maneno mazito yakamfuata baada ya hapo, na kiharusi kikamchukua mwaka 2006 akiwa na miaka 45. Lakini hapa ukilitaja jina lake, watu wanakwambia walikuwa wamekaa wapi usiku ule.

Sasa nimefika kwenye mechi ya saba, tarehe 27 Oktoba, na hii ndiyo sababu ya barua nzima.

Mrushaji wa Twins alikuwa Jack Morris, miaka 36, mzaliwa wa St. Paul, mji pacha wa huu wetu. Wa Braves alikuwa John Smoltz, kijana wa miaka 24 aliyekulia Michigan, na utotoni mwake Morris alikuwa nyota wa Detroit, timu aliyoishabikia. Yaani kijana anarusha dhidi ya mtu aliyekuwa akimhusudu. Raundi saba, bila kwa bila.

Raundi ya nane Lonnie Smith wa Braves yuko beisi ya kwanza. Terry Pendleton anapiga mpira mrefu unaoangukia kati ya mabeki wa nyuma na kubiringika hadi ukutani. Kwa pigo kama hilo, mtu aliyekuwa beisi ya kwanza anafika nyumbani na bao linaingia. Smith alikuwa ameshaanza kukimbia kabla, akainamisha kichwa, hakuona mpira ulikokwenda. Hapo Chuck Knoblauch wa Twins, kijana aliyekuwa msimu wake wa kwanza, akainama kama anaokota mpira chini, akajifanya kumrushia Greg Gagne kwenye beisi ya pili, na Gagne naye akajifanya anaupokea. Mpira wenyewe uko mbali huko. Smith akafika beisi ya pili, akasita, akachungulia. Alipoushika mwendo tena, aliishia beisi ya tatu. Yeye mwenyewe amesema baadaye kwamba hakudanganywa na wale wawili, bali alikuwa ameupoteza mpira machoni. Mimi namwamini nusu.

Bado Braves walikuwa na watu beisi ya pili na ya tatu, na hakuna aliyetolewa. Gant akapiga kwa Hrbek, nje. David Justice wakampa njia makusudi, aende beisi ya kwanza bila kupiga, ili beisi zijae. Sid Bream akapiga tena kwa Hrbek, Hrbek akautupa nyumbani, ukarudi kwake, wawili nje kwa mpigo. Bila. Nusu ya pili ya raundi hiyo hiyo Twins nao wakajaza beisi zote, Hrbek akapiga moja kwa moja kwenye mikono ya Mark Lemke, wawili nje. Bila tena. Sijui fainali nyingine iliyokuwa na raundi moja nzito kiasi hicho bila bao hata moja.

Baada ya raundi ya tisa kocha Tom Kelly alitaka kumpumzisha Morris. Morris akakataa kuondoka, akarusha ya kumi. Kisha Dan Gladden wa Twins akapiga mpira uliodunda juu ya nyasi bandia, akakimbilia beisi ya pili kwa ubishi, Knoblauch akamsogeza hadi ya tatu, na Gene Larkin, aliyekuwa na goti bovu, akaingizwa kupiga mara hiyo moja tu. Mabeki wote wa Braves walikuwa wamesogea mbele kuzuia bao. Yeye akaupitisha juu ya vichwa vyao. Moja bila.

Kwa hiyo, ukipata mtandao wenye nguvu, mtafutie Salumu mechi nzima ya saba, si vipande vya dakika tano. Na akifika raundi ya nane, mwambie asiufuate mpira, awatazame Knoblauch na Gagne.

Kuna mtu wetu anakuja Dar mwezi wa Desemba na mizigo yake bado ina nafasi, nataka nimpe glavu ya Salumu. Niambie mapema anarushia mkono gani, maana glavu huvaliwa mkono wa pili, nisije nikamletea ya mashoto bure. Na mikeka ya mama Zuhura mpe huyo huyo akirudi.

Wako,
Baba Zuhura