Kinyasungwe si korongo kavu

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha picha ya Mto Kinyasungwe hapa Gulwe, wilayani Mpwapwa, na chini yake mkaandika "korongo kavu". Picha ni nzuri, hata punda wa jirani yangu ametoka vizuri. Sasa niulize: huyo punda alifuata nini kwenye korongo kavu, na madumu manne mgongoni?

Mimi nimekula mshahara wa reli kwenye genge, yaani kikosi cha kutengeneza njia ya reli, kipande cha Gulwe kwenda Kilosa, tangu ujana hadi nikastaafu. Reli hii ya Mjerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, imeandamana na mto kwa sababu ndio uliokwisha kupasua njia kati ya Milima ya Ukaguru na ya Rubeho. Wahandisi wakafuata humo humo, na sisi wa genge tukaachiwa ugomvi.

Kinyasungwe unaanzia tambarare za Dodoma, ambako mvua ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu ya maji hukingwa na Bwawa la Hombolo tangu 1957. Lakini maji yaliyokuwa yakitutia adabu yalitoka milimani. Mchana mmoja wa Januari, jua la utosi, tunakaza boliti kwenye mataruma, mnyapara akasimama akanusa hewa. "Udongo mbichi huo. Tokeni." Tukacheka, maana mbingu ilikuwa nyeupe. Hatujamaliza kuinua toroli, maji hayo, yana rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mbuzi wa watu. Kwetu halikudondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye Milima ya Kiboriani.

Huko chini mto unaongezewa nguvu na Lumuma unaoshuka Rubeho, Kilosa unaitwa Mkondoa, mbele zaidi unakuwa Wami, na unaingia baharini karibu na Saadani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalikata reli, treni zikasimama. Hayo mliyaandika sana. Mto ukija na maji juu mnauona, yakizama mnauita korongo.

Yakizama yanakwenda wapi? Hayaendi mbali. Milimani mteremko ni mkali, maji yanakimbia na mchanga. Yakifika huku kwenye tambarare yanachoka, yanautua. Mchanga huo ndio tangi letu. Chukua debe tatu za mchanga mkavu wa mtoni, umimine maji taratibu: utashangaa, karibu debe moja zima litamezwa. Jua linakausha tabaka la juu tu, chini maji yanabaki, yanasogea polepole kuelekea Kilosa. Wanawake wa hapa wanajua mahali pa kuchimba bila kupimiwa na mtu. Mwezi Juni unafukua hadi magotini unapata, Oktoba mtu anazama kisimani hadi kifuani huku mwenzake akipokea kata juu.

Sasa tipa zinakuja kuchota mchanga huo. Dodoma inajengwa, na nyumba haijengwi kwa maneno, naelewa. Tena niseme kweli: chini ya madaraja ya reli mchanga umezidi, kitako cha mto kimepanda, na sisi tulikuwa tunazoa kwa sepetu kila mwaka bila kumaliza. Wakachukue huko hadi wachoke, nitawapikia chai. Ila huko tipa haipati njia. Inashuka penye kivuko cha ng'ombe, ambapo ndipo penye visima, na inachota hadi mwamba unaonekana. Msimu uliofuata maji yakija yanapita juu ya mwamba moja kwa moja, Septemba hakuna kitu. Visima vitatu nilivyovijua tangu naoa vimekwisha hivyo.

Nimelipeleka jambo hili ofisini mara mbili. Mara ya pili kijana mmoja akaniambia pale hakuna chanzo cha maji, ni korongo kavu. Maneno yale yale ya chini ya picha yenu.

Naomba mrekebishe. Na mpigapicha wenu akirudi, aje Septemba, alfajiri, kabla foleni ya kisimani haijawa ndefu. Abebe na dumu.

Mstaafu wa reli,
Gulwe, Mpwapwa