Majivu ya mekoni nayo yalindwe

Mhariri,

Kila yanapozungumzwa mambo ya kale ya mwambao wetu, hutajwa misikiti, makaburi ya nguzo na vigae vya Kichina. Naomba nafasi niyatetee majivu ya mekoni, ambayo mafundi huyazoa kwa koleo na kuyatupa pamoja na kifusi wanapochimba misingi ya nyumba karibu na magofu.

Punje iliyoanguka motoni ikageuka mkaa bila kuteketea haiozi. Wanaakiolojia huutia majini udongo wa mahali palipopikiwa, mbegu zilizoungua zikaelea pamoja na vipande vya mkaa, kisha huziopoa kwa chekecheo la matundu madogo mno, huzikausha na kuzitazama kwa hadubini. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba watu wa Tumbe, kaskazini mwa Pemba, kati ya karne ya 7 na ya 10 walitegemea zaidi uwele na mpunga ulikuwa haba, ilhali Chwaka, mji uliostawi jirani yake kuanzia karne ya 11 hadi ya 15, mpunga ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Wataalamu hulihusisha badiliko hilo na kukua kwa miji, kuenea kwa Uislamu na karamu za wenye uwezo. Kwa hiyo wali, tunaouona leo kuwa ndio chakula cha shughuli tangu asili, una historia yake, na historia hiyo imo ndani ya punje zinazoweza kupotea kwa siku moja ya ujenzi.

Bara nako ni vivyo hivyo. Katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, zimepatikana kunde za miaka ipatayo 2,300 iliyopita, na ulezi wa miaka ipatayo 1,000.

Majivu hulala kwa matabaka, ya chini yakiwa ya zamani zaidi, na koleo moja tu huchanganya zama za uwele na za mpunga zisiweze kutenganishwa tena. Naziomba mamlaka zinazotoa vibali vya ujenzi karibu na magofu zisiruhusu msingi kuchimbwa kabla mtaalamu hajapakagua, na fundi akikuta mafiga au udongo mweusi wenye mkaa, asimamishe kazi na kutoa taarifa.

Msomaji wako,
Wete, Pemba