Mdogo wangu, acha kumuuliza "hii ni nini?"

Mdogo wangu,

Voisi zako zote tatu kuhusu mwanao kukosea swali la picha shuleni nimezisikiliza, ile ya mwisho ya dakika nne na ushee niliisikilizia jikoni nakuna nazi, nazi ikaisha na we bado unaongea. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena niyaweke wazi, maana najua wazazi wenzio kibao huko Dar wana kilio hicho hicho. Jina lako sijalitaja wala la mwanao, bwana mdogo, kwa hiyo usije ukaninunia.

Tuanze na hiyo karatasi ya darasani uliyonitumia. Nimeikuza kwenye simu nikaiona vizuri. Mama kashika mwavuli, mawingu meusi juu, chini pameandikwa "Nini kitatokea?" Mwanao kajibu "mwavuli utapotea", badala ya vema akapewa kosa la wino mwekundu, na wewe ukaanza kunililia kwamba mtoto yuko nyuma, wenzake wameshafika wapi sijui.

Haya nikuulize. Mwaka huu umesahau miavuli mingapi kwenye daladala? Mi najua miwili, na mmoja ulikuwa wangu. Mtoto wa miaka mitano anaona mwavuli unatoka asubuhi, jioni mama anarudi kalowa anajilaumu mlangoni, halafu anaonyeshwa picha ya mama na mwavuli anaulizwa nini kitatokea. Ulitaka aseme nini? Kaangalia picha, kakumbuka anachokijua, kaunganisha, kasema kitakachofuata. Ndo kazi yenyewe hiyo, hakuna nyingine! Jibu walilolitaka wao lishasemwa na methali zamani, dalili ya mvua ni mawingu, pale hata mtu asiyefikiri anapata vema.

Alichokosa ni swali moja tu. Umejuaje?

Sisemi haya kumkandia mwalimu wake. Mi mwenyewe nimefundisha darasa la awali miaka kumi na moja na makosa kama hayo nimewapa watoto mengi tu, Mungu anisamehe. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, we njoo siku uhesabu vichwa kwenye mikeka. Ukiwa na umati ule unaona bora uinue picha juu uulize "hii ni niniii?" darasa zima lijibu "mbuuuzi!", kelele nzuri, mkaguzi akipita anafurahi. Ila mtoto anayemjua mbuzi tangu anatambaa hapo kajifunza nini? Kajifunza kupiga kelele na wenzake. Na yule wa nyuma aliyeona kamba ya mbuzi imekatika, akawa anawaza mbuzi ataenda kula mahindi ya nani, hajaulizwa, na akiropoka anaambiwa akae chini.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia mwezi wa sita alipokuja kwangu likizo. Siku moja mvua ndogo ndogo, hatutoki, nikachukua kitabu kimoja cha picha cha zamani kimechakaa, ukurasa wa kulia nikaufunika na gamba la daftari. Wa kushoto kuna jiko la mkaa, juu yake sufuria la maziwa limejaa hadi mdomoni, mama kageuka anaongea na simu, pembeni kuna kigoda na juu ya kigoda paka. Nikamuuliza unadhani nini kitatokea. Mi kichwani nshaweka jibu, paka atakunywa maziwa, nani asiyejua.

Akanyamaza. Alinyamaza sana mpaka nikataka kumsaidia, nikajizuia nikahesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo (jaribu, utaona kumi ni nyingi). Akasema, "Maziwa yatamwagika."

"Umejuaje?"

"Mama anaongea na simu."

Nikacheka, maana nilijua hiyo kaitoa nyumba gani. Akaweka kidole kwenye mdomo wa sufuria, "Na limejaa mpaka hapa." Nikamwambia haya, na paka je? Akaniangalia kama mi ndo mtoto. "Paka anaogopa moto, mama mkubwa."

Dalili tatu hizo, na moja ilinipiga chini kabisa. Tukafunua. Kitabu kikasema paka karuka jikoni anakunywa maziwa. Akanuna, midomo hii, akasema paka huyu hana akili. Hapo ndo pa kuwa makini, maana hapo watu wengi tunasema "umekosea, tuendelee" na ukurasa unaofuata mtoto hatabiri tena, anakusubiri wewe useme. Mi nikamwambia dalili zako zilikuwa nzuri, mimi mwenyewe umenishawishi, ila huyu paka kathubutu vipi? Turudi nyuma tuone kama kuna kitu tulikiruka. Tukarudi. Akainama pua inagusa karatasi. Mara akaruka, "Moto hakuna! Mkaa mweusi!"

Kweli bwana. Mkaa wote mweusi, hakuna hata chembe nyekundu, hakuna moshi. Kitabu hicho ninacho miaka na miaka na mi sijawahi kuuona huo mkaa. Sufuria lilikuwa limebandikwa tu, moto haujawashwa, kwa hiyo paka hakuwa na cha kuogopa. Siku nzima akawa anamsimulia kila anayekuja kununua machungwa kuhusu mkaa mweusi, wateja wengine hawakumuelewa kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza mtoto anajifunza wapi, si pale anapopatia, ni pale anaporudi ukurasa wa nyuma kutafuta alichokiruka. Kutabiri bila kurudi kuangalia ni kubahatisha tu, na mikeka ya kubeti tunayo ya kutosha mtaani.

Halafu picha zenyewe. Hivyo vitabu ulivyonunua, vya ng'ambo, vina rangi nzuri na karatasi inateleza, lakini mi vilinifundisha adabu. Tuliwahi kuletewa boksi la msaada shuleni, nikafungua kimoja, mtoto kavaa koti na glovu, chini kote kweupe pepepe, kashika koleo. Nikauliza atafanya nini huyu. Wa kwanza akasema atachapwa. Kwa nini? Kamwaga unga wa mama yake wote. Mwingine akasema si unga, ni povu, anafua. Nikaanza kueleza theluji, nikaeleza nusu saa, na watoto wa Tanga wameona barafu ya kwenye friza tu. Hawakuwa wajinga wale, mtoto anatabiri kwa mali aliyonayo kichwani, na wewe ukimpa picha asiyo na mali yake unamtia umaskini wa bure. Theluji ataijua tu baadaye.

Anza na simu yako. Siku unapika chapati piga picha tano, unga kwenye bakuli, donge, yamekatwa madonge, kibao na mpini wa kusukumia, halafu ya mwisho usimuonyeshe. Au zile picha za send-off ya shangazi, pale alipokamata kisu na watu wote wanaangalia upande mmoja. Muulize wanaangalia nini. Keki haionekani kwenye picha ile, nimeshaikagua, ila macho ya watu yanaisema. Watoto wanapenda sana macho ya watu, ukiwafundisha kuangalia mtu kwenye picha anaangalia wapi basi nusu ya dalili wanazipata wenyewe. Ukitaka hadithi kamili kuna African Storybook, ilianzia Afrika Kusini mwaka 2014, ina vitabu vya picha vya lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, unapakua bure, unaprinti steshenari au unasoma humo humo kwenye simu. Vingine michoro yake ya kawaida tu, lakini kuku ni kuku tunayemjua.

Na mbona unaniambia huku kutabiri kwa picha ni mambo mapya ya kizungu? We umesahau bibi? "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Ulikuwa na miaka sita ukasema nungunungu, bibi hakusema umekosea, alikuuliza nungunungu anataga? Ukakaa kimya. Ukasema basi ni kitu kina miiba lakini si mnyama. Akakuuliza mtoni umepita leo, shambani je? Mpaka ukafika kwenye nanasi kwa miguu yako mwenyewe, bila kumpa mji hata mmoja. Bibi hakusoma, na alikuwa anatoa dalili kwa vipande kuliko sisi tulioenda chuo. Tofauti ni kwamba yeye dalili alizisema, wewe dalili zako zimechorwa.

Ila kuna mtego hapa na nakuomba uusome polepole kwa sababu najua utaniharibia. Picha ni ya kutabiri stori, SI ya kusomea maneno. Utamsikia mtoto "anasoma" vizuri kabisa kumbe anaangalia mchoro. Kimeandikwa chungu, kimechorwa kitu cha kupikia, anasema sufuria. Kimeandikwa bilauri, anasema glasi. Watu wanapiga makofi, mi nilishapiga makofi hayo, halafu mtoto anafika darasa la pili kwenye kurasa zisizo na picha anakuta ukuta. Kiswahili kimetupendelea, irabu tano, a ni a siku zote, akishazijua ba be bi bo bu neno lenyewe linamwambia linavyosomeka, hana haja ya kukisia. Kwa hiyo mkiwa kwenye picha ongeeni, bishaneni, tabirini mpaka mchoke. Mkifika kwenye maneno funika picha kwa kiganja, asome silabi kwa silabi, ndo ufunue muone kama maneno na picha vinasema kitu kimoja.

Na usigeuze mtihani. Kurasa tatu usiku zinatosha, swali moja moja, umechoka mwambie umechoka mlale. Siku nyingine tabiri wewe, tena tabiri vibaya makusudi, "mi nadhani huyu mbuzi atapanda bodaboda", uone atakavyokukatalia kwa sababu kumi. Ukimsikia anaanza kusema "nadhani" na "labda" na "kwa sababu" ujue mambo yanaenda. Kule shule nenda kistaarabu, usipeleke voisi ya dakika nne kwenye grupu la wazazi, muombe tu mwalimu siku akipata nafasi amuulize bwana mdogo ule mwavuli unapoteaje. Atacheka, na atamuelewa.

Mwisho, chini ya barua hii WhatsApp nakutumia picha. Kuna begi langu jeusi mlangoni, viatu vyangu vya safari, kapu la machungwa limefungwa kwa kanga juu, na tiketi ya basi nimeiacha kidogo tu inachungulia mfukoni mwa begi. Usimwambie kitu. Muonyeshe tu Alhamisi usiku umuulize nini kitatokea. Akikwambia mama mkubwa anaenda sokoni kuuza machungwa, muulize kajuaje, na umpe muda wa kuiona tiketi.